Ujumbe umefika, mbona haushughulikiwi? Kutafuta chanzo cha ucheleweshaji kwenye maktaba ya ujumbe yenye nyuzi nyingi

Malalamiko huja kwa sentensi moja: "Mfumo unachelewa." Ukiuliza unachelewa wapi, hakuna anayejibu, na kabla hujakaa vizuri tayari kuna mtu amepandisha idadi ya nyuzi (njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja) kutoka 8 hadi 64. Mara chache hilo husaidia. Mara nyingi huhamisha tatizo tu, au hulificha mpaka siku mzigo utakapoongezeka tena.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu programu zinazopokea jumbe kupitia ZeroMQ (maktaba ya kutumiana jumbe), maktaba za RabbitMQ au Kafka (seva za kupokea na kugawa jumbe), au maktaba uliyoiandika mwenyewe. Muundo ni ule ule: uzi mmoja au zaidi unasoma soketi (mlango wa programu kwenye mtandao), jumbe zinaingia kwenye foleni, nyuzi za kazi zinazichukua na kuita kishughulikiaji chako, yaani kodi yako inayoufanyia ujumbe kazi. Katika njia hiyo yote ujumbe una hali mbili tu: ama unasubiri, ama unafanyiwa kazi. Usiguse chochote kabla hujajua ni hali ipi inayokula muda.

Weka saa njiani

Piga muhuri wa muda sehemu nne: ujumbe unaposomwa kwenye soketi, unapoingia foleni, unapotoka foleni, na kishughulikiaji kinapomaliza. Tumia saa isiyorudi nyuma: CLOCK_MONOTONIC kwenye Linux, System.nanoTime() kwenye Java, steady_clock kwenye C++, time.monotonic_ns() kwenye Python. Saa ya kawaida ya mfumo hurekebishwa wakati programu inaendelea, na utajikuta na ujumbe uliomaliza kazi kabla ya kuanza. Kumbuka pia kwamba saa hizi za mwendo haziwezi kulinganishwa kati ya mashine mbili. Zinapima ndani ya mashine moja tu.

Kisha toa mstari mmoja wa logi kwa kila ujumbe uliovuka kiwango fulani. Tuseme umepata huu:

```
id=48213  soketi->foleni 0.06ms  foleni->uzi 812.4ms  kazi 3.1ms
```

Usiukimbilie mstari huu. Kazi yenyewe ni milisekunde 3.1, kwa hiyo kuboresha kodi ya kishughulikiaji kwa asilimia 20 hakutaonekana na mtu yeyote. Ujumbe umekaa foleni kwa milisekunde 812. Swali ni je, huo ni msongamano wa kawaida, au kuna kitu kilisimama?

Hesabu inajibu. Uzi mmoja wenye kazi ya milisekunde 3.1 unaweza kumaliza jumbe zipatazo 322 kwa sekunde. Kama zinaingia 300 kwa sekunde, uzi uko bize kwa asilimia 93. Kwa foleni ya namna hii, ambayo jumbe zinaingia bila mpangilio, wastani wa muda wote ndani ya mfumo hukaribia muda wa kazi ukigawanywa kwa sehemu iliyobaki huru: 3.1 kwa 0.07, yaani milisekunde 44 hivi. Kwa hiyo 44 ningeielewa. 812 ni kitu kingine. Ama lilikuja wimbi la jumbe zaidi ya 250 kwa mpigo, ama uzi ulikwama kwa takriban sekunde 0.8.

Kuvitofautisha, angalia jumbe za jirani. Uzi ukikwama, utaona pengo: hakuna ujumbe hata mmoja uliomalizika ndani ya sekunde ile. Baada ya pengo muda wa kusubiri unashuka polepole sana. Na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu ndani ya sekunde 0.8 zilirundikana jumbe 240, na uwezo wa ziada wa uzi ni jumbe 22 tu kwa sekunde. Foleni itachukua takriban sekunde 11 kurudi kawaida. Ukitazama grafu utaona sekunde 11 za ucheleweshaji na utaanza kutafuta kilichotokea katikati yake, wakati mkosaji alishaondoka zamani, mwanzoni kabisa.

Usitegemee wastani. Jumbe 99 za milisekunde 3 na moja ya milisekunde 900 zina wastani wa 12, namba ambayo haikumpata ujumbe yeyote. Tazama asilimia ya 50 (muda ambao nusu ya jumbe haziuvuki), ya 99 (ambao jumbe 99 kati ya 100 haziuvuki), na muda mkubwa kuliko yote.

Prosesa imepoa, foleni inakua

Nyuzi hazifanyi kazi, zinasubiri kitu. Piga picha ya nyuzi zote: `jstack` kwa Java, `py-spy dump --pid` kwa Python, `gdb -p` kisha `thread apply all bt` kwa C na C++. Piga zaidi ya mara moja, kwa kupishana sekunde chache. Picha moja inaweza kukudanganya; uzi ukionekana pale pale kwenye picha tatu, huo ndio ushahidi.

Mara nyingi utakuta kitu kama hiki:

```
"kazi-3"  BLOCKED
    at Jedwali.sasisha(Jedwali.java:88)
    - waiting to lock <0x00000000e0a41b30>
"kazi-5"  RUNNABLE
    at java.io.FileOutputStream.writeBytes
    at Jedwali.hifadhi(Jedwali.java:131)
    - locked <0x00000000e0a41b30>
```

Nyuzi zote isipokuwa mmoja zinasubiri kufuli lile lile (kizuizi kinachoruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati). Usihangaike na zinazosubiri. Mtafute mwenye kufuli. Nakili ile anwani ya kumbukumbu, tafuta penye neno "locked". Hapa ni kazi-5, na anaandika faili huku ameshika kufuli. Neno RUNNABLE lisikupoteze: Java huandika hivyo hata uzi ukiwa umekwama ndani ya keneli (sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia mashine) ukisubiri diski au soketi.

Dawa ni kufanya kazi ndogo ndani ya kufuli na kazi nzito nje yake:

```
void sasisha(Ujumbe u) {
    byte[] nakala;
    synchronized (jedwali) {
        jedwali.weka(u.ufunguo(), u.thamani());
        nakala = jedwali.nakili();
    }
    diski.andika(nakala);
}
```

Ila kodi hii ina mtego, na nimeuona ukipita kwenye mapitio ya kodi bila mtu kuuliza. Nyuzi mbili zikitoka kwenye kufuli kwa kufuatana, ya pili inaweza kuandika kabla ya ya kwanza, na nakala ya zamani ikafunika mpya. Kama mpangilio una maana, ipe kila nakala namba na ukatae iliyopitwa, au peleka uandishi wote kwenye uzi mmoja maalumu.

Logi zenyewe ni mshukiwa wa mara kwa mara kwenye kundi hili. Vifurushi vingi vya logi huandika papo hapo, chini ya kufuli moja la programu nzima. Ukiwasha kiwango cha kina ili uchunguze ucheleweshaji, unauongeza, na utakachokuwa unapima ni logi zako.

Kufuli lina ugonjwa mwingine adimu, wa nyuzi zenye vipaumbele tofauti. Uzi wa kipaumbele cha chini unashika kufuli, wa kati unauzuia usipate prosesa, na wa juu unabaki unasubiri kufuli la yule wa chini. Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa kikijiwasha upya kikiwa juu ya Mirihi kwa sababu hiyo hiyo, na wahandisi walikirekebisha wakiwa duniani kwa kuwasha urithishaji wa kipaumbele (mwenye kufuli hupewa kwa muda kipaumbele cha anayelisubiri) kwenye kufuli lililohusika. Kama hujaweka vipaumbele vya nyuzi kwa mkono wako, ruka jambo hili.

Kiini kimoja cha prosesa kimejaa, vingine vimelala

`top -H -p` ikifuatiwa na namba ya mchakato itakuonyesha uzi mmoja mmoja. Ukiona mmoja uko asilimia 99 na wenzake wako 2, kuna mlango mmoja ambao kila ujumbe lazima upite.

Mara nyingi ni uzi unaosoma soketi. Kazi yake ni kusoma baiti na kuzigawa, lakini mtu amemwekea kuchambua JSON, kufungua mgandamizo na kukagua sahihi. Hamishia hayo kwenye nyuzi za kazi. ZeroMQ huanza na uzi mmoja wa kupokea na kutuma, na kwa mizigo mingi unatosha. Kabla ya kuongeza wa pili hakikisha kweli huo ndio uliojaa.

Kwenye Python ya kawaida, mlango ni kufuli kuu la mkalimani (GIL), linaloruhusu uzi mmoja tu kuendesha kodi ya Python kwa wakati. Nyuzi kumi za hesabu nzito zitapokezana kiini kimoja, kila mmoja ukiachia baada ya takriban milisekunde 5 ukiombwa. Hapo nyuzi hazitasaidia, tumia michakato.

Wakati mwingine mlango umeujenga mwenyewe kwa nia njema. Ili kutunza mpangilio, jumbe zenye ufunguo mmoja zinakwenda uzi mmoja. Ni sahihi, mpaka ufunguo mmoja unapobeba nusu ya jumbe zote. Hesabu jumbe kwa kila ufunguo kabla ya kulaumu maktaba. Vivyo hivyo, maktaba inayoahidi mpangilio ndani ya chaneli moja itakupa ujumbe mmoja mmoja kwa chaneli hiyo, hata ukiwa na nyuzi mia. Ukitaka ziende sambamba, fungua chaneli zaidi.

Viini vyote vimejaa, kazi haisongi

Hali hii huonekana baada ya yule mtu kupandisha nyuzi hadi 64. Endesha `pidstat -wt 1` na utazame ubadilishanaji wa nyuzi, yaani prosesa kuacha uzi mmoja na kushika mwingine. Ule wa hiari ukiwa mwingi, nyuzi zinagombania makufuli au kusubiri; usio wa hiari ukiwa mwingi, nyuzi ni nyingi kuliko viini na keneli inazinyang'anya prosesa. Punguza nyuzi na upime. Kushusha idadi kukaongeza kasi si ajabu kwenye eneo hili.

Sababu ya kujificha zaidi ni vihesabio vinavyokaa jirani kwenye kumbukumbu. Prosesa za x86-64 huhamisha kumbukumbu kwa mistari ya baiti 64. Kama uzi wa kwanza unaongeza kihesabio chake na wa pili chake, lakini vyote viwili viko kwenye mstari mmoja, viini vitanyang'anyana mstari huo ingawa hakuna data wanayoshirikiana. `perf c2c` huionyesha. Dawa ni kuvitenganisha kwa nafasi tupu.

Ucheleweshaji wa namba ile ile

Hiki ndicho kipengele ninachokipenda, kwa sababu mkosaji huacha sahihi yake. Chora mgawanyo wa muda. Ukiona kilima kimesimama juu ya namba moja, acha kusoma kodi ya kishughulikiaji na uulize namba hiyo inatoka wapi.

*Milisekunde 40.* Kwenye Linux hii ni karibu kila mara mgongano wa tabia mbili za TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni. Algorithimu ya Nagle, iliyoelezwa kwenye waraka wa RFC 896 wa mwaka 1984, huzuia pakiti ndogo isitoke mpaka ya awali ithibitishwe. Upande wa pili huchelewesha uthibitisho ukitumaini kuupakia kwenye jibu. Programu inayoandika kichwa cha ujumbe, kisha mwili, kisha ikasubiri jibu, huangukia katikati. Washa TCP_NODELAY, chaguo la soketi linalozima Nagle, na bora zaidi andika kichwa na mwili kwa mwito mmoja. ZeroMQ huiwasha yenyewe. Maktaba ya kujiandikia mara nyingi imesahau. Mihuri yako minne itaonekana safi hapa, kwa sababu muda umepotea kabla ujumbe haujafika kwako.

*Milisekunde 15 au 16.* Windows. Saa yake ya ndani kwa kawaida hugonga mara 64 kwa sekunde, kwa hiyo Sleep(1) inaweza kulala mpaka 15.6. Mtu ameandika kitanzi cha kuchungulia foleni kwa usingizi mfupi.

*Sekunde 5.* Kutafuta jina la seva. Kisuluhishi cha majina cha Linux husubiri sekunde 5 kabla ya kujaribu tena. Kishughulikiaji kinafungua muunganisho mpya kwa kila ujumbe, na seva ya majina ya kwanza kwenye orodha haijibu.

*Milisekunde karibu 90, kisha inarudi kawaida, kisha tena.* Programu iko ndani ya kontena (boksi la programu lenye mipaka yake ya rasilimali) lenye mgao wa prosesa. Kwa kawaida mgao huhesabiwa kila milisekunde 100. Kontena lenye mgao wa viini 2 lina milisekunde 200 za kazi katika kila kipindi. Nyuzi 20 zikiamka pamoja kwenye mashine kubwa, zinazimaliza ndani ya milisekunde 10, kisha zote zinasimamishwa kwa 90 zilizobaki. Wastani wa matumizi ya prosesa unaweza kuonekana wa kawaida kabisa kama vipindi hivyo haviji mfululizo. Fungua faili la `cpu.stat` la cgroup ya kontena hilo (kundi la michakato ambalo Linux hulipimia rasilimali) utazame `nr_throttled`, idadi ya vipindi ambavyo lilisimamishwa. Ikiwa inapanda, umemkamata. Kuna maktaba zinazoanzisha nyuzi kwa kuhesabu viini vya mashine nzima bila kutazama mgao, kwa hiyo weka idadi mwenyewe.

*Namba yoyote kati ya 0 na ukomo fulani, bila kilima.* Tuseme mgawanyo ni tambarare kutoka 0 hadi 100, wastani 50. Uzi wa kazi unasubiri foleni kwa ukomo wa milisekunde 100, na hakuna anayeuamsha ujumbe ukiingia. Kuna njia moja ya kuingiza ujumbe iliyosahau kutoa ishara. Kwa kuwa mfumo unafanya kazi, hakuna anayeshtuka. Ili kuthibitisha, badilisha ukomo uwe sekunde 2: ucheleweshaji ukifuata, umepata jibu.

Ndugu wa tatizo hili ni ujumbe unaoshughulikiwa pale tu mwenzake anapofika. Ukituma mmoja hautoki. Ukituma wa pili, vyote viwili vinatoka. Kwenye epoll (njia ya Linux ya kujulishwa soketi inapopata data) yenye EPOLLET, ambayo hukujulisha tu data mpya inapofika, hii ina maana kwamba hukusoma soketi mpaka ikajibu EAGAIN, yaani hakuna zaidi kwa sasa. Kwenye ZeroMQ, kama umechukua ZMQ_FD (namba ya faili ambayo soketi hutolea ishara) na kuiweka kwenye kitanzi chako, kumbuka kwamba ishara hutolewa hali inapobadilika tu. Baada ya kila ishara, na hata baada ya kutuma au kupokea, soma ZMQ_EVENTS (hali ya soketi kwa sasa), na uendelee mpaka iseme hakuna kilichobaki.

Kila kitu kinasimama kwa pamoja

Pengo likionekana kwenye nyuzi zote kwa wakati ule ule, zikiwemo zisizoshiriki kufuli lolote, sababu iko chini ya kodi yako. Kwenye Java anza na `-Xlog:gc,safepoint`, inayoandika kila mara nyuzi zote zinaposimamishwa, kwa mfano kusafisha kumbukumbu, na ulinganishe saa za kusimama na mapengo yako. Kama hazilingani, tazama safu za si na so kwenye `vmstat 1`: kumbukumbu ikihamishiwa diski, hakuna foleni itakayokwenda.

Asubuhi iko sawa, jioni inakokota

Hesabu ni mara ngapi kila ujumbe unashughulikiwa. Kosa la kawaida ni kodi ya kuunganisha upya inayosajili kishughulikiaji kila mtandao unaporudi bila kuondoa cha zamani. Mtandao ukikatika mara sita, kila ujumbe unafanyiwa kazi mara saba. Kama hesabu ni moja, tazama ukubwa wa foleni isiyo na kikomo na kumbukumbu inayotumika.

Mpokeaji mmoja amelemewa, wenzake hawana kazi

RabbitMQ, usipoweka kwa basic.qos kikomo cha jumbe ambazo mpokeaji hajazithibitisha, humsukumia jumbe nyingi kadiri inavyoweza kutuma. Wa kwanza kuunganishwa anabeba mrundikano wote, na ukiongeza wapokeaji wapya hawapati kitu. Weka kikomo.

Kwenye Kafka dalili ni mbaya zaidi, kwa sababu jumbe zinarudi. Mpokeaji wa Java kwa chaguo la awali huchukua hadi rekodi 500 kwa mwito mmoja, na ana milisekunde 300,000 za kurudi kuchukua nyingine. Kazi ya milisekunde 700 kwa rekodi, mara 500, ni sekunde 350, wakati alipewa 300. Anaondolewa kwenye kikundi cha wapokeaji, kazi anapewa mwingine, naye anaanza zile zile na kuondolewa vile vile. Punguza max.poll.records (ile idadi ya rekodi kwa mwito) kabla ya kurefusha muda.

Sasa, nyuzi ngapi?

Kuongeza nyuzi ni jibu sahihi pale kishughulikiaji kinaposubiri kitu cha nje kinachoweza kuhudumia wengi. Idadi ya chini ni jumbe kwa sekunde mara muda wa kazi: jumbe 300 zenye milisekunde 50 kila moja zinahitaji nyuzi 15 zilizo bize muda wote. Ili zisijae kupita asilimia 70, weka 22. Lakini kabla ya kubadilisha namba hiyo, fungua mipangilio ya hifadhidata. Kama kila ujumbe hushika muunganisho kwa milisekunde hizo zote 50, na miunganisho iko 10, ukomo wako ni jumbe 200 kwa sekunde hata ukiweka nyuzi 64, na nyuzi 54 zilizobaki zitakuwa zimepanga foleni ya pili ambayo mihuri yako ya muda itaiita "kazi". Piga muhuri wa tano pale muunganisho unapopatikana.